Sauti Uliyoitangaza Dukani

Mama,

Nakuandikia kwa sababu kuongea nimepunguza. Ungecheka, wewe uliyeniita kasuku tangu niko darasa la kwanza. Siku hizi nikitoka stesheni ya redio nafunga mdomo. Hapa mtaani Huruma mama wa mboga anadhani mimi ni bubu. Namwonyesha sukuma kwa kidole, naye ananijibu kwa mikono, polepole, halafu ananiongezea nyanya. Na redio iko hapo pembeni yake, inacheza ripoti niliyorekodi asubuhi!

Ni hii sauti, Mama. Unakumbuka ulivyokuwa ukiongeza redio pale dukani Munyaka nikianza kusoma habari? Mteja anataka sukari, wewe unamnyamazisha kwanza. "Huyo ni wangu," unasema. Ulimwambia kila mtu, hadi wale wa kuleta mkate. Nilikuwa naona haya. Sasa naogopa jinsi ulivyoifanya hiyo kazi ya kunitangaza vizuri.

Tangu tukuzike, huko bondeni ninakoripoti kumeharibika zaidi. Ng'ombe wanaibwa, watu wanapigwa risasi, na mimi nikiripoti napata maadui pande zote. Wenye bunduki wananiita kibaraka wa serikali. Maafisa wa usalama wanataka niwatajie aliyeniambia. Wanahabari wa Nairobi wanakuja na fulana za kuzuia risasi, wananiomba namba za watu, jioni wanapanda ndege. Mimi nabaki hapa hapa. Bosi alisema nitumie jina lingine. Sawa, jina nitabadilisha. Sauti nitaipeleka wapi?

Wiki jana mtu alinipigia simu, mpole kabisa. "Tunajua duka la mama yako," akasema, akakata. Duka liko na ndugu yangu Daudi sasa, na watoto wake wanalala chumba cha nyuma. Ameifunga redio yako kwa leso akaiweka chini ya kitanda. Alinisihi niombe kuhamishiwa matangazo ya vifo, eti huko hakuna anayekasirika.

Nilitaka kukubali, Mama. Nimechoka. Mtu akibisha mlango naruka. Lakini kuna mama mmoja wa bondeni, kijana wake aliuawa akichunga. Wale wa fulana aliwakataa. Mimi nilipomsalimia tu, akaitambua sauti, akauliza kama mimi ni mtoto wa yule mama wa Munyaka. Kumbe alikuwa akinunua kwako akija hospitali. Akaniambia yote, hadi risasi zinatoka kwa nani. Akanishika mkono akasema, "Useme wewe. Wewe nakujua."

Nimemficha jina na sauti. Mimi ndiye sina pa kujificha. Nikisoma ripoti yake, nawaweka kina Daudi hatarini. Nikinyamaza, huyo mama atakaa kando ya redio akiningoja. Nikihama, duka halihami.

Jana nilienda dukani nikamwambia Daudi yote. Alianza kupanga sabuni ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Kisha akasema atafunga duka kwa muda, awapeleke watoto kwa shangazi kule Sugoi. Hakunikataza. Nililia mbele ya wateja, na hata hapo nililia bila sauti.

Kesho asubuhi nitasoma, Mama. Nakuahidi sitaruka hata neno moja. Pumzika sasa, umenichapia kazi ya kutosha. Na huko uliko, ukinisikia, nakuomba kitu kimoja tu. Usimwambie mtu kwamba mimi ni wako.