Bertin alikuwa anajua tangu Pasaka

Colette, tumetoka kwa docta sasa hivi. Kansa ya bwana yangu Bertin imerudia. Palepale ku paja, kwenye walimupasula.

Bertin alikuwa anajua tangu Pasaka. Tangu Pasaka, Colette. Minye, bibi yake, ananiambia ule uvimbe ni jiwe ilimuangukia ku kazi, kule Kakontwe kwenye wanachimbaka mawe.

Docta anamuuliza: "Juu ya nini haukurudia mbio?"

Anajibu: "Parokia yote ilicheza ku misa ya kushukuru juu nilipona. Nilisikia haya kusema imerudia."

Haya juu ya misa.

Kama angekuya ile wakati, wangekata tena. Sasa imeisha fika mu mapafu. Docta anasema si rahisi amalize mwaka.

Kufika kwetu Kikula, mama Viviane wa korali ananiuliza: "Bertin iko aje?"

Colette, minye namujibu: "Alipona kabisa."