Gari la Mama Mkwe Linavuja

Rumonge, Jumanne jioni

Tundu nimeliziba, lakini sina raha.

Tangu ziwa limeze nyumba yake, mama mkwe analala uani kwetu, ndani ya ile gari ya kulala niliyonunua kwa mzungu mmoja msafiri. Mvua ikinyesha, maji yanamdondokea kichwani. Mara tatu nimepaka silikoni juu ya paa nikifuata sauti ya mke wangu kutoka ndani: "Hapa! Hapana, sogea!" Mimi kuingia sikuthubutu. Mkwe anaingiaje anapolala mama mkwe?

Leo mvua imenikuta juu ya ngazi. Mama akatoka na mwavuli, akanitazama nilivyolowa.

"Baba Aline, shuka. Ingia utazame mwenyewe."

"Mama, siwezi."

"Ingia tu. Hii si nyumba, iko gari."

Nikaingia. Kumbe maji yanapenya kwenye kitaa cha juu ya paa, upande wa mbele, yanatambaa ndani ya dari mpaka kitandani! Mvua ilipokatika, kuziba hakukunichukua hata dakika kumi.

Lakini nimeona ukutani. Ametundika ufunguo wa ile nyumba iliyoko ziwani.