Glavu za kumpakia mama dawa

Arnaud, Gaudiose wa jirani atakwambia eti leo asubuhi nimempaka mama yako dawa ya magoti nikiwa na glavu, kama mtu anayeshika uchafu. Glavu nilivaa kweli. Mama aliniuliza, "Mwanangu, unanionea kinyaa?" Nikaendelea kupaka, akalia. Naona haya sana.

Maharage yako kwenye sufuria. Jioni mpake wewe, polepole, usikimbilie mpira.

Wa famasi alisema dawa hiyo inapenya ngozi, hata ya anayepaka, na mwenye mimba asiiguse. Mimba ile ya kwanza tuliitangaza mapema, ikatoka. Ndiyo maana hata wewe nilikuficha. Nimeenda kituo cha afya kupimwa.

~~Usimwambie mama.~~ Mwambie wewe, mimi siwezi kumtazama. Utamwambia?

Mkeo