Kikombe Nilichokikataa Mbunya

Bunia, Zaire
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa mikono yote miwili, huko Voi uliko. Mgongo unaendeleaje? Mvua zimefika, au bado mnatazama mawingu yakiwapita kwenda Taveta? Mghoi dada yangu, najua ni wewe unayemsomea mama. Soma polepole, usiruke mahali, na ukifika penye neno "malaria" usipige kelele kabla hujamaliza sentensi. Mimi ni mzima kabisa. Nimelitaja mapema makusudi, ili mama alizoee.

Bunia nimeshaizoea. Mji uko juu na asubuhi kuna baridi, kwa hiyo lile blanketi ulilonilazimisha kubeba ndilo rafiki yangu wa kwanza, na manung'uniko yangu ya siku ile nayafuta. Tai ya buluu uliyoninunulia imelala sandukuni. Serikali ya huku haitaki kuona tai shingoni mwa mtu, basi tunavaa mashati meupe na kola wazi, utadhani makarani waliotoka kazini. Naishi na mwenzangu Ilunga, kijana wa Lubumbashi, maana kanisa letu hututuma wawili wawili. Yeye anajua Kifaransa na kutengeneza baiskeli, mimi najua kupika. Tunaamka mapema, tunasali, tunasoma, halafu tunazunguka mitaa ya hapa Mbunya tukibisha milango. Jumamosi kuna salongo, kazi ya pamoja ya mtaa mzima, nasi tunashika majembe na kuzibua mitaro kama wengine. Wengi ni Wakatoliki. Wanatupa kiti, wanatusikiliza vizuri, kisha Jumapili wanarudi kwenye misa yao. Sikasiriki. Kiti nacho ni kitu.

Halafu kuna kibao changu cha kifuani. Kimeandikwa "Mzee Mwakio", kwa sababu ndivyo kanisa linavyotuita sisi vijana wa kazi hii. Akina mama wa sokoni wanakisoma, wananitazama kidevu kisicho na unywele hata mmoja, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nami nacheka nao, nifanyeje?

Sasa, mama, keti vizuri. Unakumbuka maneno yako ya mwisho pale stesheni? Ulinishika sikio mbele ya watu ukasema, "Hubiri utakavyo, lakini usile wala kunywa kwa watu usiowajua." Nikaitikia. Basi nikueleze jinsi nilivyolishika neno lako bila hata kukusudia, na balaa lililofuata.

Karibu na nyumba yetu, pale malori ya Mahagi yanapopakia, kuna mama mmoja anayeuza kahawa na maandazi kila asubuhi. Anaitwa Mama Afoyo. Kwao ni Mahagi, mumewe alifariki, na karai lile la maandazi ndilo linalowalisha wanawe na kuwasomesha. Madereva hawawashi gari kabla ya kunywa kwake. Siku moja Ilunga alikuwa ng'ambo ya barabara akiziba pancha, mimi nikasimama kwa huyu mama kumsalimu. Alifurahi sana. Alimimina kahawa katika kikombe kizuri, si vile vya biashara, akapiga goti kama wanavyofanya wanawake wa kwao mbele ya mgeni, akanywa funda moja dogo, kisha akaninyooshea.

Mimi nikadhani anaonja sukari.

Unajua kanisa letu halinywi kahawa wala chai. Wewe mwenyewe ulicheka ukauliza ni dini gani hii inayomnyang'anya mtu chai yake. Basi nikaweka mkono kifuani, nikatabasamu vizuri kama tulivyofundishwa, nikasema, "Asante mama, mimi sinywi." Sikueleza kwa nini. Madereva wote walikuwa wamenyamaza wakitutazama, nami nikajiona kijana mwenye adabu, nikavuka barabara kumfuata Ilunga.

Wiki ile karai la Mama Afoyo lilianza kubaki limejaa. Tulipita asubuhi tukaona maandazi yamepoa, nzi ndio wateja. Tulipomsalimu, alitazama upande. Madereva walikuwa wamehamia kwa mwanamke mwingine mbele kidogo. Mimi sikuelewa kitu, mpaka Jumamosi kwenye salongo, Ilunga aliponijia mtaroni na jembe lake, uso umekunjamana.

"Mwakio, tuko na mambo," akasema. "Batu banasema ule mama iko na sumu. Banasema hata batu ba Mungu balikatala kikombe yake."

Mama, watu wa huku wanaogopa sana sumu ya kikombe, kama unavyoiogopa wewe. Ndiyo maana anayekukaribisha huonja kwanza mbele ya macho yako, ujue kinywaji ni salama. Ukikataa baada ya yeye kuonja, umewatangazia wote waliopo kwamba huyo ni muuaji, na ujanja wake wa kuonja umeugundua. Ndivyo nilivyomfanyia mjane wa watu, kwa tabasamu.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Tuliacha majembe palepale, tukaenda kwake na matope miguuni. Alitufungulia, akatupa viti, akasimama mwenyewe mlangoni. Nikamweleza habari ya kanisa letu na kahawa. Nikamwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Weye mutoto," akasema, "nilionja mbele yako. Nilibakia kufanya nini ingine? Nikufe kwanza ndiyo ukunywe?"

"Hapana, mama. Sikujua."

"Naona haukujua. Lakini batoto yangu banakula hii kutokujua yako? Pardon yako ni muzuri, lakini unanipatia hapa ndani ya nyumba. Kikombe ulikatalia inje."

Ilunga akainamisha kichwa. Nami nikaona kwamba mama huyu amesema kweli tupu. Nikamwambia nitakuja nje, mbele ya watu walewale, nile chochote atakachonipa, ila kahawa tu.

"Fufu unakulaka?"

"Nakula."

"Samaki ya Kasenyi? Sombe?"

"Vyote, mama."

Akanitazama kuanzia kiatu mpaka kile kibao cha Mzee, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ukataka kucheka. "Basi njoo kesho-kutwa asubuhi. Na ukuje na njaa."

Mama, nilifika na njaa. Malori yalikuwa yamejipanga, madereva wako kwa yule mwanamke wa pili na vikombe vyao mkononi. Nilikaa kwenye benchi la Mama Afoyo, peke yangu na Ilunga, benchi refu tupu. Akaleta sahani: fufu, ule ugali wao wa muhogo, samaki wa ziwani, na sombe, yaani kisamvu, inayotoa moshi. Saa ile ya asubuhi hakuna mtu anayekula fufu, kwa hiyo kila mtu aligeuka. Akapiga goti. Akamega kipande kidogo, akakipeleka kinywani ili aonje kama desturi inavyotaka.

Nikamshika mkono. Taratibu, mama, kwa heshima, lakini kila mtu aliona. Nikakitoa kile kipande kwenye vidole vyake, nikakila mimi kabla yeye hajaonja. Halafu nikaivuta sahani mapajani nikaanza kazi.

 Kisha dereva mmoja mwenye kofia, mtu mnene wa sauti kubwa, akasema, "Eee! Hakumuachia hata aonje!"

"Hata kidogo," akajibu mwingine.

 Mama Afoyo alibaki amepiga goti akinitazama nikila, na machozi yalimtoka, akayafuta kwa kitenge kama mtu aliyeingiwa na moshi. Yule mwenye kofia akamaliza kikombe chake kule, akaja, akaketi benchini, akaomba kahawa na maandazi manne. Nililamba sahani. Nilikuwa na furaha ambayo sijapata kuwa nayo tangu nifike huku, nakuambia bila haya.

Kesho yake ndipo lilipokuja lile neno. Kulipokucha niliamka natetemeka, meno yanagongana, kichwa kinapasuka. Malaria. Mghoi, endelea kusoma! Ilunga akanirundikia blanketi lako na lake, akasema, "Leo unalala, na mimi nitakaa hapa." Nikalala kidogo, kisha nikakumbuka. Jana mtaa mzima umeniona nikila kwa Mama Afoyo. Leo nisionekane, waambiwe mimi ni mgonjwa? Nani angesikiliza habari za mbu? Mama Afoyo angekuwa amekwisha, safari hii kabisa, na mimi ndiye ningekuwa ushahidi.

Nikavaa shati jeupe. Ilunga alinifokea kwa Kiswahili na Kifaransa, kisha alipoona sisikii akanifunga vifungo, maana vidole vyangu havikutulia. Tukatoka tukisukuma baiskeli moja, mimi nimeishikilia ili nisianguke. Benchi lilikuwa limejaa. Nikapaza sauti, "Mama Afoyo, habari ya asubuhi! Sombe ya jana ilikuwa tamu!" Madereva wakacheka, wakaniita mla-fufu. Mimi nilikuwa naona kila dereva ana kofia mbili.

Mama Afoyo alijua mara moja, mama. Nadhani wazazi wote mnajua. Akaja karibu kana kwamba anataka kunitania, akagusa mkono wangu, akanong'ona, "Weye uko na malaria."

"Ndiyo, mama."

"Na umetoka kwa sababu yangu."

Nikaushika zaidi usukani wa baiskeli.

"Cheka," akasema. "Cheka na ukae chini, utaanguka."

Nikacheka. Nikaketi. Akaenda kwenye chungu chake cha pembeni, akanimiminia uji wa mtama wa moto katika kile kikombe kizuri, kilekile nilichokikataa. Akapiga goti, akaninyooshea. Hakuonja. Alinitazama usoni tu, kisha akakiachia mikononi mwangu. Nikanywa chote mbele ya benchi zima. Baadaye tulipokwisha kupinda kona, Ilunga alinipakia kwenye baiskeli hadi zahanati, wakanipa dawa, na sasa nimepona na nakula mara mbili ya zamani. Kila jioni Mama Afoyo anatuletea uji. Kanisani kwetu hajaja, anasema misa yake inamtosha. Anatuletea uji hata hivyo.

Kwa hiyo, mama, neno lako nimelivunja, na nitaendelea kulivunja. Usinikasirikie.

Nisalimie Baba Mdogo, umwambie baiskeli za huku zingemfaa, hazina breki kama yake. Nisalimie Bibi, na umwongezee sauti anaposomewa salamu hizi. Shemeji na mtoto mchanga nawabusu. Mghoi, wewe nakushukuru kwa macho yako.

Nilimwambia Mama Afoyo kwamba leo nakuandikia. Akakaa kitako, akafikiri sana, kisha akasema nikuandikie hivi hivi kama alivyotamka: "Umuambie mama yako asiogope. Mutoto yake iko anakula. Na mimi ndiye namupikia."

Mwanao anayekula kwa watu,
Mwakio