Bibi aliweka sharti, mimi sikulifasiri

Mpendwa Bi Rahila, naomba unisaidie, maana hili kwa mdomo siwezi kulisema. Nna miaka kumi na sita, skuli nasoma kwa Kiarabu na Kiingereza, Kiswahili ni cha nyumbani kwa bibi yangu Bakhita, na ndiyo sababu jirani yetu Daktari Vasudha, mama wa Kihindi anayefundisha kompyuta chuoni, alinitaka nimsaidie kurekodi sauti ya bibi ili wanafunzi wake waifundishe kompyuta Kiswahili cha Unguja. Nampenda mno, alianza ualimu Pune, akenda kufanya kazi kampuni Hyderabad, akarudi kufundisha huku Maskati, na mimi nataka kuwa kama yeye. Siku aliyokuja kuomba ruhusa bibi alimkaribisha halwa na kahawa, kisha akanambia, "Mwambie nimekubali, lakini sauti yangu ni ya skuli tu. Sitaki iende madukani ikazungumze na wanaume nisiowajua." Nikaona haya, mgeni bado ana kikombe mkononi, nikamwambia Daktari bibi amekubali, basi. Sasa Daktari anaacha chuo, ile kampuni imemwita tena, na juzi kanambia kwa furaha kwamba chuo kimemruhusu kuondoka na zile rekodi, watatengenezea sauti ya kuongea kwenye simu, na Alhamisi anakuja kumuaga bibi. Bibi keshaanza kuuliza mgeni apikiwe nini. Nikisema ukweli, Daktari ataniona muongo na hataniandikia barua ya kuombea chuo, nikinyamaza, bibi atakuja kuisikia sauti yake kwenye simu ya dereva. Nifanye nini?

Mfasiri mwenye haya, Qurum, Maskati

Mwanangu mfasiri, haya ni pambo, lakini hizi zako zimemeza sharti la mtu mzima. Daktari usimtie makosani. Msomi wa kompyuta kutoka chuoni kwenda kampuni, akarudi, akenda tena, ndiyo kazi yao ilivyo, na yeye anabeba alichoambiwa kuwa ni ruhusa. Aliyemwambia ni wewe. Ruhusa ya skuli haihamii dukani kwa kuwa mwalimu kahama.

Usingoje Alhamisi. Mwendee leo, mwambie bibi alisema hivi na mimi nilificha, wala usitafute maneno ya kupambia. Huenda akakasirika. Mwache akasirike, ukitaka kazi kama yake utakosolewa sana, na hutakufa. Ama hiyo barua unayoihofia, itakusaidia nini ikiwa anayeiandika hakujui?

Ukitoka hapo, kaa na bibi umwambie pia, kabla hajapika.

Halafu Alhamisi Daktari aombe upya, mwenyewe, na wewe ukae baina yao ufasiri kila neno. Bibi akikubali, vyema. Akisema rekodi zifutwe, sema zifutwe, hata kama mgeni bado ana kikombe mkononi.