Meno ya Stempu Zako

Nyamirambo, Kigali
21 Februari 1993

Mpendwa Kaka Usumani,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta hapo Dar es Salaam ukiwa mzima, na ule mguu umepata nafuu. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mke wangu Shakira anakusalimu, na watoto pia. Wamekua, hata suruali nilizowashonea Idd iliyopita hazifiki tena vifundoni.

Mjini hali si shwari. Watu waliokimbia vita kaskazini wanazidi kuingia, na vizuizi barabarani vimeongezeka. Siku hizi hakuna anayeshona nguo mpya. Wananiletea za zamani nizipunguze, maana wamekonda.

Albamu yako ya stempu uliyoniachia ulipohama mwaka 1990 nimempa Maneno, akuletee kwa lori lake pamoja na barua hii. Naomba usiifungue kabla hujamaliza kusoma.

Mwezi wa Novemba bati lilivuja, maji yakaingia sandukuni. Niliiwahi albamu, nikazianika stempu zako tisa za Marekani juu ya meza ya kukatia nguo. Ndizo hizo za karne iliyopita, ulizozikusanya miaka thelathini, na hata mimi ulikuwa huniruhusu kuzigusa. Zilipokauka nikaziangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Nne, zile za zamani zaidi, kingo zake zilikuwa zimenyooka. Tano zilikuwa na vijimeno pande zote, nikadhani zimechakaa, kama kitambaa kinavyofumuka. Kaka, mimi ni fundi cherehani. Ukingo uliofumuka siwezi kuuacha. Nikachukua mkasi mdogo, nikazinyoosha zote tano, na kusema kweli nilijisifu.

Wiki iliyofuata akaja mteja wangu, Mwalimu Mukabalisa, ambaye naye hukusanya stempu. Nikamwonyesha kwa mbwembwe. Alizigeuzageuza, halafu akauliza, "Fundi, meno ya hii iko wapi?" Nikamwambia nimeyakata. Akaketi. Ndipo akanieleza kwamba zile nne zilichapwa kabla ya mashine za kutoboa kingo kuanza kutumika, na hizi tano zilitoka kiwandani na meno yake. "Sasa hakuna mutu wa stempu atazitaka," akasema.

Nilipekua takataka zote. Shakira alikuwa ameshafagia vipande vyote na kuvichoma pamoja na mabaki ya vitambaa.

Tangu hapo umeniuliza mara mbili, na mara zote mbili nimekujibu kuwa stempu zako ziko salama. Nilikudanganya. Sasa umeniandikia kuwa baada ya Idd utazipeleka kwenye maonyesho ya wakusanyaji, nami siwezi kukuacha uzitandaze mbele ya wenzako wakucheke. Naona aibu, Kaka, na moyo unaniuma.

Nisalimie Shemeji Umuhoza na mama yake, Bibi Nyirahabimana. Waambie tunawakumbuka.

Nakujua ukikasirika. Hugombi, unanyamaza. Ulipokosana na marehemu baba hukumsemesha wala kumwandikia miaka minne, mpaka tukamzika. Kwa hali ilivyo huku, mimi sijui kama hiyo minne ninayo. Nitukane upendavyo, ila uandike.

Mwenyezi Mungu akupe Ramadhani yenye heri, wewe na nyumba yako yote.

Mdogo wako akupendaye na kukuogopa,
Nasiri