Midomo ya Banksia

Kaka Lachlan,

Tumeshazoea kulala kwenye karavani, kinyumba hiki cha magurudumu, na Baba anakoroma vilevile. Unayakumbuka yale matunda ya mti wa banksia, magumu kama gogo, yenye midomo iliyofumbwa? Tuliyagonga kwa nyundo utotoni yasifunguke. Juzi nilitia moja kwenye oveni, nione tu. Baada ya nusu saa midomo yote ilikuwa wazi, na mbegu nyeusi zenye mabawa zikadondoka.

Baba akachungulia. "Hicho ndicho chakula cha mchana, Bronwyn?"

Basi nikaenda kutazama pale nyumba ilipokuwa. Tangu ule moto wako wa kuchoma nyasi ulipokushinda ukateketeza nyumba, sikuwa nimepita huko. Kumejaa miche ya banksia, imeota penye majivu. Nilitaka kuitilia mbolea, Baba akanikataza: "Utaiua. Hiyo imezoea mchanga wenye njaa."

Mwaka mzima hajataja jina lako. Jana alizungushia mche mmoja waya, kangaruu wasiule. Nikamuuliza kwa nini huo tu.

"Huo wa Lachlan," akasema. "Aje autunze mwenyewe."

Dada yako,
Bronwyn